Binti peke yako, Ulaya kwa treni: panga saa ya kufika kabla hujapanga mji

BintiWaReli (mleta uzi)

Wadau wa safari, hasa dada zangu, habari za humu. Kila nikipita jukwaa hili nakutana na swali lilelile: nataka kuzunguka Ulaya peke yangu, mimi ni msichana, ni salama? Majibu huwa ya aina mbili. Kuna anayesema nenda tu, kule hakuna shida. Kuna anayesema mtoto wa kike hatembei mwenyewe, asubiri aolewe. Hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyekwisha kaa chini kupanga safari yake.

Nimesoma shahada ya pili Ujerumani. Kila likizo ilipoanza nilikuwa nabeba begi la mgongoni na kupanda treni peke yangu: Austria, Uswisi, Italia, Ucheki, Hungaria, Slovenia. Nitaandika ninayoyajua kwa vitendo, ya mtu wa kike na ya mtu mwenye pasipoti kama zetu. Miongozo mingi iliyopo mtandaoni imeandikwa na mabinti wa Ulaya au Marekani ambao viza kwao si hoja, na ndiyo maana ukiisoma unabaki na maswali yako yote.

Naanza na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote. Usalama wako kwa sehemu kubwa unaamuliwa na saa unayofika. Mji wowote mkubwa ukishuka mchana ni mji wa kawaida: watu wanatoka kazini, maduka yako wazi, ukipotea unauliza. Shuka mji huohuo saa sita usiku, simu ina chaji kidogo, hosteli ipo mitaa minne mbele, hapo umekuwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mimi sianzi na swali la mji gani nauona. Naanza na saa ngapi nitashuka, halafu ndiyo nachagua mji.

Na hapa sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna jambo la kujifunza. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hatulifikirii. Berlin mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwishoni mwa Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Ratiba inaweza kusema treni inafika 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Juni hiyo ni mchana mweupe wenye watoto wanaocheza. Desemba ni giza ambalo limeshakaa saa mbili, na baridi juu yake. Kabla ya kukata tiketi yoyote, angalia saa ya machweo ya mji ule kwa tarehe ile, kisha hakikisha unafika walau saa mbili kabla. Ukishika hili tu ukafunga uzi, umepata kitu.

Naendelea na makaratasi.

BintiWaReli

MAKARATASI. Viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa mipaka kati yao, ndiyo mlango. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, ila mimi nakushauri uwahi sana kwa sababu miadi yenyewe huwa adimu kuelekea kiangazi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Usiombe kwa nchi fulani kwa kuwa umesikia wanatoa kirahisi na wewe huendi huko, utakuja kuulizwa mpakani ukakosa la kusema.

Kwa anayezunguka kwa treni kuna mtego mmoja. Schengen sasa ina nchi 29. Kroatia iliingia 2023, Bulgaria na Romania zikakamilika Januari 2025. Uswisi imo, ingawa haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Lakini Serbia, Bosnia na Montenegro hazimo, na ukitazama ramani ya reli unaziona pale katikati, kama njia ya mkato. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja ukavuka kwenda Belgrade, viza yako imekwisha siku hiyohiyo. Uingereza nayo ina viza yake peke yake. Soma viza yako pale palipoandikwa idadi ya kuingia kabla ya kuchora ruti.

Wanafunzi wenye kibali cha ukaaji cha nchi moja ya Schengen: mnaruhusiwa kutembea nchi nyingine siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza nyingine. Wengi mnakaa miaka miwili Poland au Ujerumani na hamjui.

MsafiriNyumbani

Nimeweka kambi. Dada shusha madini, usitukatie njiani. Hizo tiketi za kuzunguka nchi nyingi ndiyo Interrail au Eurail? Nachanganya kila siku.

BintiWaReli

Ni mfumo mmoja wenye milango miwili, mkuu. Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, ilianza 1972. Eurail ni ya wanaotoka nje ya Ulaya. Kinachoangaliwa ni unapoishi, uraia wako hauhusiki. Mtanzania anayesoma Warsaw ananunua Interrail, Mtanzania anayetoka Mwanza ananunua Eurail. Zote zinafika nchi 33. Ukiwa bado hujatimiza miaka 28 unapata bei ya kijana, karibu robo chini ya bei ya mtu mzima.

Ya kuzingatia ni haya. Chukua ile ya siku chache za safari ndani ya mwezi, mfano siku 7 ndani ya mwezi mmoja. Ile ya kila siku inakulazimisha kukimbia, na binti anayekimbia huchoka, akichoka haoni vizuri nani amemkalia karibu. Siku moja ya safari inahesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku nyingine, unapanda treni ngapi utakazo. Treni ya usiku isiyo ya kubadilisha inakula siku ya kuondoka tu. Ukibadilisha treni baada ya saa sita usiku, imekula siku ya pili.

Pasi, yaani hiyo tiketi ya Interrail au Eurail, inakaa kwenye simu, ndani ya programu yao. Kabla hujaingia behewani lazima uwe umeiongeza safari ile kwenye pasi, la sivyo mkaguzi akija wewe ni abiria asiye na tiketi, hata kama pasi umelipia. Kwa hiyo pawabenki si anasa.

Tena pasi si mwisho wa malipo. Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi treni nyingi unapanda na kukaa. Ufaransa, Italia na Hispania treni za kasi zinadai ukate siti, na kwa Ufaransa na Italia ni kama euro 10 hadi 20 kila mara. Eurostar, treni ya kasi ya kwenda London, ni zaidi ya 30. Italia mimi napanda zile za mikoa, hazidai siti, zinasimama vijijini, unaona watu.

NaiTraveller254

Sasa dada. Niko Nairobi, nimesoma yote. Swali ni hili: ninunue pasi kwanza ndiyo niombe viza, ama viza kwanza? Na taarifa ya benki wanataka ya miezi mingapi? Rafiki yangu alinyimwa na hadi leo hajui kwa nini.

BintiWaReli

Viza kwanza, dada yangu. Ubalozi wanataka kuona ruti yenye mantiki na mahali pa kulala kila usiku. Hosteli unaweza kukata zile zinazofutika bila kulipia. Pasi ukiinunua mapema, hakikisha ni ya aina inayorudishwa kabla haijaamilishwa. Taarifa ya benki kwa kawaida ni ya miezi mitatu, ila soma orodha ya nchi unayoomba, zinatofautiana. Kinachowaponza wengi ni pesa inayoingia mkupuo wiki moja kabla ya maombi. Pesa yako iwe imekaa na inatembea kama ya mtu anayeishi. Weka pia kinachokurudisha: barua ya kazi, barua ya chuo. Na rafiki yako alipewa karatasi yenye sababu zilizowekewa alama, hiyo ni lazima waitoe. Mwambie aitafute aisome, ndiyo itakayomwambia arekebishe nini.

ShangaziMkubwa

Mwanangu BintiWaReli, mimi ni mama, nasoma humu kimya kimya. Binti yangu anasoma Poland na ameniomba ruhusa kufanya jambo hilihili likizo hii. Sijamjibu. Sina ubaya na safari, ila nieleze mimi mzazi: usiku analala wapi, na nani atajua kama hajafika?

BintiWaReli

Shikamoo mama. Asante kwa kuuliza hivyo, maana ukimkatalia bila kuuliza ataenda bila kukwambia, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko treni yenyewe.

Kulala: hosteli nyingi zina vyumba vya wanawake tu, vitanda vinne hadi vinane, kila mtu ana kabati lake la kufunga. Kufuli abebe mwenyewe. Achague hosteli yenye mapokezi ya saa 24 na isiyozidi mwendo wa dakika kumi na tano kutoka stesheni au kituo cha tramu. Asome maoni ya wanawake waliolala pale, si alama za jumla, maana wanaume wanasifia kelele za baa ya chini ambazo yeye atazichukia. Ulaya Magharibi kitanda ni kama euro 25 hadi 45 kwa usiku, Poland, Hungaria na nchi za upande ule hushuka sana.

Kujulikana alipo: mimi na mama yangu tulikuwa na utaratibu. Kabla ya kuondoka namtumia picha ya skrini yenye namba ya treni, saa ya kufika, na jina la hosteli. Simpigii nikiondoka, nampigia nikishaweka begi kitandani. Tulikubaliana kwamba treni huchelewa, hasa zinazopita Ujerumani, kwa hiyo haanzi kuhangaika hadi saa tatu zipite bila neno. Zikipita anapiga hosteli kwanza. Utaratibu huu ulimpa usingizi kuliko kunifuatilia kwenye ramani kila dakika, ambako simu ikizima tu ndani ya handaki anapata presha.

Namba ya dharura nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, hupigwa bure. Tanzania ina ubalozi Berlin, Paris, Roma na Brussels, anwani zake aziandike kwenye karatasi, zisikae kwenye simu peke yake.

Kama ni mwanafunzi Poland, Interrail yake inamruhusu ndani ya Poland safari ya kutoka na ya kurudi tu. Nchi nyingine zote ni huru.

ShangaziMkubwa

Marahaba mwanangu. Hilo la kupiga akishaweka begi kitandani nimelichukua.

BintiWaReli

TRENI ZA USIKU. Wengi mnaziogopa, na mimi ndizo nilizozipenda. Zinakuokolea hela ya kulala, na zaidi ya yote zinakufikisha asubuhi. Ile kanuni yangu ya saa ya kufika, hapa inajitimiza yenyewe: Vienna unaondoka usiku, Venice unashuka asubuhi.

Nightjet za Austria zina vyumba vya kulala vya wanawake tu. Wakati wa kukata, kuna sehemu ya kuchagua chumba cha wanawake, ichague hapohapo, usitegemee kubadilishiwa ndani. Ngazi ya kawaida ni vitanda vinne au sita kwa chumba, shuka na mto vinakuwepo, mlango una komeo la ndani. Asubuhi mhudumu anagonga, anakupa mikate midogo na chai au kahawa, imo kwenye bei. Kitanda kinalipiwa kando hata ukiwa na pasi, na vya wanawake huisha mapema. Usikubali kukaa kwenye viti usiku kucha ili kuokoa hela, ni bora ulale hosteli uondoke asubuhi. Kwenye viti kila mtu anapita, na wewe utasinzia.

Jinsi ninavyojipanga: pasipoti, simu na kadi kwenye mkoba mdogo chini ya nguo, nalala nao. Begi kubwa upande wa kichwa. Kitanda cha juu kabisa kama kipo, anayetaka kukufikia lazima apande ngazi na utasikia.

Ipo moja ambayo lazima niisimulie. Italia kuna treni ya usiku kutoka Roma kwenda Sicily. Asubuhi mapema inafika Villa San Giovanni, mwisho wa nchi kavu, halafu inakatwa vipande. Kichwa kinasukuma mabehewa ndani ya tumbo la meli ambalo lina reli zake, taratibu, chuma kikilia, unayasikia yakigongana polepole mpaka yanatulia. Wewe bado umo kitandani. Sisi tumezoea kivuko cha Kigamboni kubeba magari na watu, pale kinachobebwa ni treni nzima. Mlango wa behewa unafunguliwa, unapanda ngazi za chuma zenye harufu ya mafuta na chumvi, unatokea juu sitahani, na Messina iko mbele yako inasogea. Wamama wa Kisisilia walikuwa wameshaamka, wamevaa makoti juu ya nguo za kulala, wanakunywa kahawa kwenye baa ya meli. Mmoja aliniuliza kwa ishara kama niko peke yangu. Nilipokubali akaninunulia donge la wali la kukaanga, akasimama nami mpaka tulipotangaziwa kurudi behewani.

MieWaMichenzani

Assalamu alaikum. Uzi mzuri, bibie. Mie mtu wa Unguja, nipo Muscat kikazi. Navaa hijabu. Nisaidie mambo matatu: hijabu nitasumbuliwa? Chakula? Na viza niombe Zanzibar au huku?

BintiWaReli

Waalaikum salaam dada. Viza unaomba huko Oman unakoishi kihalali. Pasi yako ni Eurail.

Hijabu ya kufunika kichwa haina tatizo la kisheria kwenye treni, mitaani wala hosteli. Kilichokatazwa ni kufunika uso hadharani: Ufaransa na Ubelgiji tangu 2011, Austria 2017, Denmark 2018, na Uswisi tangu Januari 2025. Kama unavaa nikabu, ruti yako izingatie hayo. Kutazamwa utatazamwa, vijijini zaidi ya mijini, sitakuficha. Mara nyingi ni macho tu.

Chakula ni rahisi kuliko unavyodhani. Karibu kila mji wenye stesheni kubwa una maduka ya Waturuki jirani. Vienna nenda soko la Brunnenmarkt, wilaya ya Ottakring: mkate wa moto, zeituni, nyama ya halali, bei ya kibinadamu. Kwenye treni jihadhari na mikate iliyojazwa nyama, mingi ni nguruwe. Ujerumani Jumapili maduka hufungwa, isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni kubwa, kwa hiyo nunua Jumamosi. Stesheni kuu ya Zürich ina chumba cha sala ndani yake kinachopokea watu wa dini zote. Na kwa vipindi vya sala: Juni Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku maeneo ya kaskazini, panga usingizi wako.

MkuuWaKaya

Samahani dada, mimi naona unazunguka bure. Kuna ndege za euro 20 kutoka mji hadi mji. Treni ya saa sita ya nini? Halafu hujasema ubaguzi. Semeni ukweli.

BintiWaReli

Mkuu, ndege ya euro 20 ina begi la euro 40, na mara nyingi inatua mbali. Ile inayoandikwa Paris inaweza kutua Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini, saa tano usiku. Binti peke yake anasubiri basi pale. Treni inamshusha katikati ya mji, kwenye watu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilipia. Pale ambapo reli haifai nasema haifai: Madrid kwenda Lisbon treni ya usiku iliondolewa 2020 na haijarudi, panda ndege. Ugiriki nenda kwa meli kutoka Bari hadi Patras.

Ubaguzi. Nchi za Schengen zilizoondoa mipaka zimeanza kukagua tena, Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Askari wanaingia behewani. Safari moja, mpaka sitautaja, waliingia wawili, behewa limejaa, wakapita safu zote mpaka kwangu, wakaniomba pasipoti mimi na kijana mmoja mwenye sura ya Kiarabu, basi. Wengine wote waliendelea kusoma magazeti. Inauma, na kila mara inauma upya. Niliwapa pasipoti na kibali, nikajibu nilichoulizwa kwa sauti ya kawaida, wakaondoka. Mzee aliyekaa mbele yangu aliwauliza kwa Kijerumani kwa nini yeye hawakumwomba. Hawakumjibu.

Kwa hiyo dada zangu: pasipoti halisi iwe mwilini, kopi haikubaliki. Viza au kibali, anwani ya hosteli ya usiku ule, na tiketi ya kurudi viwe mahali unapovifikia bila kupekua begi zima mbele ya askari. Na uache nafasi kati ya treni na treni, maana ukaguzi ukikuchelewesha dakika ishirini unaikosa inayofuata, na saa yako ya kufika imeharibika.

NaiTraveller254

Na wale wanaume wa stesheni? Nasikia vibaka ni wengi.

BintiWaReli

Vibaka wapo Roma Termini, Milano Centrale, Barcelona, Gare du Nord ya Paris. Wanakufuata mlangoni wakati treni inataka kuondoka, kila mtu anasukumana. Anayekuletea karatasi utie sahihi, anayekufunga uzi mkononi pale ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, Paris, anayejitolea kukusaidia kwenye mashine ya tiketi: endelea kutembea, usijibu hata salamu. Najua kwetu kutojibu salamu ni utovu wa adabu. Pale siyo.

Mwanaume akija kukaa kando yako na behewa liko tupu, huna haja ya kungoja afanye jambo. Chukua begi, hama behewa, kaa karibu na mkaguzi au mama mwenye watoto. Huhitaji kumweleza sababu.

Kuna stesheni ambazo mbele yake tu si mahali pa kuzurura usiku. Frankfurt ukitoka mlango mkuu unaingia mtaa wa madanguro na dawa za kulevya, na ndiko hosteli za bei chee zilikojaa. Mchana unapita bila shida. Brussels Midi kama unafika usiku, usitoke, panda treni nyingine hadi Brussels Central, dakika chache tu. Stesheni nyingi za Italia hufungwa saa kadhaa usiku wa manane na watu hutolewa nje, kwa hiyo ule mpango wa kulala stesheni kungoja treni ya alfajiri ufute kabisa.

MsafiriNyumbani

Begi lako lina nini?

BintiWaReli

Begi lisizidi kile unachoweza kupandisha ngazi za stesheni bila kumwomba mtu. Lita 40 zinatosha. Nguo za siku nne, unafua. Pedi beba za kuanzia, zinapatikana kila mahali. Nywele zisuke kabla ya kuondoka. Zikichakaa ukiwa Paris, kutoka Gare de l'Est unatembea hadi Château d'Eau, mtaa mzima ni saluni za Waafrika. Brussels kuna Matonge, mtaa wa Wakongo karibu na Porte de Namur, ambako nilisikia Kiswahili cha Bukavu nikiwa nanunua ndizi nikakaa nao hadi jioni.

Na kanga, doti nzima. Hosteli moja nililala kitanda cha chini, nikachomeka pindo la kanga chini ya godoro la kitanda cha juu, ikashuka mpaka sakafuni. Chumba cha watu wanane kikawa na chumba changu ndani yake: nabadili nguo, nasoma, nalala bila taa ya mtu kunipiga usoni. Wasichana wa Korea waliolala mkabala waliuliza inauzwa wapi. Kanga hiyohiyo ilinifunika mabega Vatikani, maana Kanisa la Mtakatifu Petro huingii mabega na magoti wazi, ikawa taulo ziwani Bled, ikawa shuka kwenye treni yenye kiyoyozi kikali.

Laini ya simu: ukinunua nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, bando linafanya kazi nchi nyingine za Umoja. Uswisi mara nyingi haimo. Zima data kabla ya mpaka au utalia.

BintiWaZiwa

Mimi ni wa mara ya kwanza kabisa, Juni nipo, viza ya Austria imetoka. Nipe ruti moja tu, yenye mchana mtupu.

BintiWaReli

Hongera sana mdogo wangu. Nakupa ninayoipenda kuliko zote.

Anzia Vienna, kaa usiku kadhaa. Ondoka asubuhi kwenda Ljubljana, kama saa sita. Njiani unapita Semmering, reli ya kwanza kupanda milima mirefu ya Ulaya, imejengwa 1848 hadi 1854, madaraja ya mawe ya ghorofa mbili. Ljubljana ni mji mdogo, mtulivu, mzuri sana kwa binti anayeanza. Kutoka hapo pitia Jesenice ushuke na treni ya polepole hadi Nova Gorica, ukifuata mto Soča wenye maji ya kijani, na mwishoni unavuka daraja la Solkan, tao lake la mawe lina mita 85. Mbele ya stesheni ya Nova Gorica kuna uwanja ambao nusu ni Slovenia na nusu Italia. Unavuka kwa miguu, unachukua treni ya mkoa hadi Venice. Stesheni ya Santa Lucia ukitoka mlangoni tu, mfereji mkuu uko miguuni pako.

Venice kwenda Milan, halafu Tirano kupitia kando ya ziwa Como, kama saa mbili na nusu. Lala Tirano, ni mji mdogo na salama. Asubuhi unapanda reli ya Bernina kwenda Uswisi. Usilipie ile treni ya kitalii yenye vioo vikubwa. Treni ya kawaida inapita reli ileile, pasi inakubalika, hukati siti, na mabehewa mengine yana madirisha yanayofunguka, picha hazina mwako wa kioo. Tirano iko mita 429 juu ya bahari. Treni inapita barabarani katikati ya magari, inazunguka duara kamili juu ya daraja la Brusio mpaka unaona reli uliyotoka iko chini yako, kisha inapanda bila meno ya kuishika, hadi mita 2,253 pale Ospizio Bernina. Asubuhi uliacha mizabibu, sasa kuna theluji hata Juni. Kabla ya kilele hicho shuka kituo cha Alp Grüm, utazame mto wa barafu wa Palü, upande treni inayofuata. Mimi nilishuka na sikutaka kuondoka.

Halafu Chur, halafu Zürich, unafika alasiri, jua bado lina saa nyingi. Beba sweta hata kama Tirano kuna joto, chakula nunua upande wa Italia kwa sababu Uswisi bei ni kali, na ukitoka Tirano kaa upande wa kushoto.